Bahasha ya Mama Mkwe

Mgahawa wa hoteli, saa nane mchana. Mama aliyevaa lulu ameketi wima, mkoba wake umekalishwa kiti cha pembeni kana kwamba nao ni mgeni mwalikwa. Mbele yake yuko binti mwenye sweta ya bei rahisi, chai yake haijaguswa. Mama anasukuma bahasha nyeupe juu ya meza: chukua, umwache mwanangu. Binti akiikataa, glasi ya maji inamwishia usoni. Mtazamaji wa tamthilia za Kikorea, awe Busan au Buguruni, amelitazama tukio hili mara nyingi kiasi kwamba mkono wa mama ukielekea tu kwenye mkoba, yeye ameshalimaliza kichwani. Ndivyo ilivyo pia kwa siri ya kuzaliwa, kwa ajali ya gari inayofuta kumbukumbu, kwa saratani ya damu inayobisha hodi tamthilia ikikaribia ukingoni, na kwa wapenzi wanaoambiwa kwamba huenda wamechangia baba. Wengi huvicheka visa hivi na kusema waandishi wa Korea Kusini ni wavivu. Mimi naona vina historia yake, na historia hiyo imeandikwa mahakamani, vitani na benki. Vingi kati yake vina sababu inayoweza kutajwa, na baadhi vimeanza kunyauka pale sababu hiyo ilipoondolewa.

Tuanze na siri ya kuzaliwa, maana ndiyo inayochekwa kuliko zote. Usiku wa tarehe 30 Juni 1983 shirika la utangazaji la KBS lilirusha kipindi cha kuwatafutia watu ndugu zao waliopotezana katika Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953. Kilipangiwa dakika 95. Watu walivyomiminika, hakikuweza kuzimwa. Kiliendelea kwa awamu mpaka tarehe 14 Novemba, jumla ya saa 453 na dakika 45, na familia zaidi ya 10,000 zikakutana. Kuta za jengo la KBS kisiwani Yeouido, Seoul, zilifunikwa kwa makaratasi ya watu wanaotafutwa. Studioni walisimama watu wazima, mabango vifuani: jina, kijiji, mwaka, mahali walipoachana, kovu liko wapi. Kioo kiligawanywa nusu kwa nusu, huku mtu wa Seoul, kule mtu wa studio ya mkoani, wakihojiana taratibu kama makarani. Baba aliitwa nani? Uliungua mkono gani? Ghafla jibu moja linalingana, na hapo ukarani unakwisha, wanabaki wawili wanaolia kwa sauti mbele ya nchi nzima. Kumbukumbu za kipindi hicho ziliingizwa na UNESCO katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2015. Ongeza watoto walioanza kupelekwa ng'ambo kuasiliwa tangu miaka ya 1950, wanaokadiriwa kufika 200,000. Mwaka 1985 pekee walizidi 8,000. Kwa watazamaji wa namna hii, tamthilia inayomwambia msichana kwamba huyu aliyekulea siye aliyekuzaa, na kovu au kidani ndicho kitakachoamua, haikuhitaji kuombewa radhi. Jirani yao alishaonekana kwenye televisheni hiyohiyo akitafutwa.

Hata hivyo vita peke yake visingetosha. Vita vinaeleza kwa nini mtoto alipotea. Havielezi kwa nini kupatikana kwake kunatikisa kampuni, ndoa na urithi. Hapo inaingia sheria. Sheria ya Madai iliyoanza kutumika mwaka 1960 iliiweka kila familia kwenye daftari moja chini ya mkuu wa kaya, aitwaye hoju. Mwanamke akiolewa alihamishwa kutoka daftari la baba kwenda la mume. Hoju akifa, ukuu ulimwendea mtoto wa kiume kabla ya mama yake, hata kama mtoto huyo bado ananyonya. Mume aliyezaa nje aliweza kumwandikisha mtoto huyo daftarini bila ridhaa ya mkewe. Mke aliyekuja na mtoto wa mume wa awali alilazimika kwanza kupata ridhaa ya mume. Yasome hayo mawili ya mwisho mara ya pili, na tamthilia ya kila usiku inakuwa imeshajiandika yenyewe: mke anayejua kwamba siku yoyote mtoto wa nje atagonga mlango, bibi anayetaka mjukuu wa kiume kwa udi na uvumba, mama aliyemficha mtoto wake wa zamani kwa miaka 20. Uchungu wa mtoto asiyetambuliwa ni wa kale zaidi ya televisheni. Hong Gil-dong, shujaa wa hadithi mashuhuri ya Kikorea, ni mtoto wa suria asiyeruhusiwa kumwita baba yake baba. Ila daftari la 1960 liliupa uchungu huo muhuri wa serikali.

Kisa cha wapenzi wanaogeuka ndugu nacho kina kifungu chake. Sheria hiyohiyo ilikataza ndoa kati ya watu wenye jina moja la ukoo na asili moja. Akina Kim wa Gimhae peke yao wanazidi milioni 4, kwa hiyo vijana wawili waliweza kukutana chuoni, wakapendana, kisha wakaambiwa hawawezi kuoana kwa sababu ya babu aliyefariki karne nyingi nyuma. Serikali ililegeza kamba kwa muda mwaka 1978, 1988 na 1996 ili wenzi waliokwama waandikishwe, halafu Julai 1997 Mahakama ya Katiba ikasema katazo hilo linapingana na katiba. Miaka mitatu baadaye ikaja Autumn in My Heart, ya kaka na dada waliolelewa pamoja kumbe mtoto wa kike alibadilishwa hospitalini. Mwaka 2002 ikafuata Winter Sonata, ya mwongozaji huyohuyo, Yoon Seok-ho, ambayo NHK ya Japani iliionyesha mwaka 2003 na kuwafanya maelfu ya akina mama wa Kijapani wafunge safari hadi kisiwa cha Nami kilichoonekana ndani yake. Mkasa mzima wa Winter Sonata unasukumwa na kijana anayetafuta jina la baba yake, na kwa muda wapenzi wanaamini ni ndugu. Sidai kwamba mwandishi alikaa na hukumu ya mahakama mezani. Nadai kwamba swali la nani ni damu ya nani lilikuwa bado la moto nchini kote, na tamthilia zilikaa karibu na jiko.

Sasa turudi kwenye bahasha. Penzi linalovuka tabaka lilikuwapo tangu hadithi ya Chunhyang, binti wa gisaeng (mtumbuizaji wa kike wa tabaka la chini) aliyependwa na mtoto wa mtawala. Kishindo cha pesa kwenye penzi kilivuma mwaka 1913, gazeti la Maeil Sinbo lilipochapisha kwa mfululizo Janghanmong, riwaya iliyotoholewa kutoka Japani, ambamo msichana anamwacha mchumba wake kwa ajili ya tajiri mwenye almasi. Katika hadithi hizo msichana ndiye anayejaribiwa. Mama mwenye bahasha, mlinzi wa lango la kampuni, ni mtu wa zama nyingine. Serikali ya kijeshi ya Park Chung-hee, kwa mipango yake ya miaka mitano kuanzia 1962, iliyanyanyua makampuni makubwa ya kifamilia yaitwayo chaebol kwa mikopo na upendeleo. Kisha Novemba 1997 hazina ya fedha za kigeni ikakauka, Shirika la Fedha la Kimataifa na wenzake wakaahidi takriban dola bilioni 58, na mapema mwaka 1998 watu walipanga foleni kutoa pete na mikufu, zaidi ya tani 220 za dhahabu, kuisaidia nchi kulipa deni. Daewoo, lililokuwa la pili kwa ukubwa, likasambaratika mwaka 1999. Baada ya hapo ajira ya kudumu haikuwa tena ahadi, na mrithi wa chaebol akawa mmoja wa wachache wasioweza kufukuzwa kazi. Lovers in Paris ya 2004, tamthilia ya mrithi wa aina hiyo, ilivuka asilimia 50 ya watazamaji. Zikafuata Boys Over Flowers (2009), Secret Garden (2010) na The Heirs (2013). Mama anayesukuma bahasha analinda vitu viwili kwa pamoja, hisa na daftari. Ndiyo maana hatumi wakili, anakuja mwenyewe.

Litaulizwa, na kwa haki: je, hadithi za watoto waliopotea na masikini wanaoolewa na matajiri haziko kila mahali? Ziko. Meksiko imeishi kwazo, India pia, na hadithi zetu za mama wa kambo zina umri mkubwa kuliko umeme. Lakini mifupa ikifanana, nyama hutofautiana, na nyama ndiyo ushahidi. Katika tamthilia za Meksiko kasisi na kitubio hubeba siri. Katika za Kikorea siri hubebwa na cheti cha familia na, siku hizi, karatasi ya kipimo cha DNA inayopokewa kwa mikono inayotetemeka kwenye maegesho ya magari. Wanaosema ni kuiga Japani nao wana haki ya nusu: Boys Over Flowers imetoka kwenye katuni ya Yoko Kamio, na Janghanmong nayo ilianzia huko. Kuiga kunaeleza kitambaa kilinunuliwa wapi, hakuelezi kwa nini kilishonwa kwa kipimo hiki.

Hoja nzito zaidi ni ya kazi yenyewe. Kwa miaka mingi tamthilia za Korea Kusini zilipigwa picha huku zikirushwa, sehemu mbili kwa wiki, kila moja ya saa nzima au zaidi. Waigizaji walipokea jjokdaebon, yaani vipande vya mswada vilivyofika siku hiyohiyo, wakavikariri garini. Mtu aliyelala kwa saa tatu tu na anayetakiwa kujaza dakika 60 kufikia kesho hawezi kubuni jipya. Atamgongesha mtu gari. Nalikubali hilo, na kwa ajali na kumbukumbu kufutika nalikubali lote, maana sijui sheria wala vita vilivyozaa lori lile linalotokea kushoto bila breki. Mtazamaji wa Kitanzania aliyezoea kwamba steringi hafi anajua fika kuwa lori halitamuua mtu, litamsahaulisha tu. Lakini haraka humfanya mtu ashike kilicho karibu na mkono, na mada yetu ni nini kilikuwa karibu. Zaidi ya hayo, mkono huo ulikuwa umefungwa. Chini ya majenerali siasa ilikuwa moto usioguswa. Jenerali Chun Doo-hwan alifikia hatua ya kukilazimisha kituo binafsi cha TBC kimezwe na KBS mwaka 1980. Mauaji ya Gwangju ya mwaka huo yalisubiri hadi Sandglass ya SBS, mwaka 1995, ndipo yakaonyeshwa waziwazi ndani ya tamthilia, na mitaa ikawa mitupu saa zake. Kabla ya hapo, mwandishi aliyetaka kusema juu ya mkubwa anayemwonea mdogo alibakiwa na chumba kimoja salama: sebule, na mama mkwe ndani yake.

Februari 2005 Mahakama ya Katiba iliutangaza mfumo wa hoju kuwa kinyume cha katiba, na tarehe 1 Januari 2008 daftari lile likafungwa. Visa havikufa siku hiyo. Kwanza vilipandwa na wazimu. Novemba mwaka huohuo ilianza Temptation of Wife ya mwandishi Kim Soon-ok, ambamo mke anayedhaniwa amekufa majini anarudi, anachora kidoa cheusi chini ya jicho, na mumewe mwenyewe hamtambui. Wakorea huziita tamthilia hizo makjang, neno la wachimba makaa linalomaanisha mwisho wa shimo, pasipo pa kwenda tena. Naona jina linazifaa zaidi ya walivyokusudia: kisa ambacho sababu yake imeondoka hubaki kikizidisha kelele. Waandishi wenye njaa ya mambo mapya walishahama. Squid Game ya 2021 inahusu deni, The Glory ya 2022 inahusu ukatili wa shuleni, na siri ya kuzaliwa imebaki zaidi kwenye tamthilia za kila siku na za mwisho wa wiki. Huko nako mambo hayakutulia. Mwaka 2014 tamthilia ya asubuhi ya MBC, Everybody Say Kimchi, ilionyesha mama mkwe akichota kabichi la kimchi linalochuruzika pilipili na kumzaba nalo usoni mkwewe wa zamani. Huyu ni mama wa upande wa mke, na aliyezabwa ni mwanamume aliyemwacha binti yake.