Kutoga Masikio katika Bonde la Ufa: Kutoka Mwiba hadi Sindano

Kutoga masikio katika Bonde la Ufa la kati nchini Kenya ni desturi iliyoutangulia mji wa Nakuru kwa vizazi vingi. Reli ilipofika hapo mwaka 1900, malisho ya Naivasha na Nakuru yalikuwa ya Wamaasai, na misitu ya Mau ilikuwa ya Waokiek, na wote walitoga masikio. Wakikuyu waliokuja baadaye kufanya kazi katika mashamba ya walowezi walikuja na desturi yao, ambapo mtoto alitogwa kabla ya tohara.

Kwa Wamaasai, sikio lilitobolewa kwa mwiba au kisu, kisha tundu likapanuliwa kwa miaka. Kijiti chembamba kilifuatwa na kinene, kisha fungu la vijiti, jiwe, au kipande cha pembe ya ndovu. Vikopo vya filamu ya kamera vilipozagaa katika karne ya 20, navyo vilivaliwa masikioni. Mwendo huu wa polepole ulikuwa na maana ya kitabibu: ndewe, yaani sehemu laini ya chini ya sikio, inayoharakishwa huchanika, na kidonda kibichi hukaribisha usaha. Mwiba nao haukuwa safi, kwani ungeweza kuingiza pepopunda, lakini ulikuwa na sifa moja kubwa: ungeweza kutumika mara moja ukatupwa.

Mkataba wa 1904 na Waingereza uliwaondoa Wamaasai katika malisho ya Naivasha na Nakuru ili kuwapisha walowezi. Shule za misheni nazo zilizidharau ndewe ndefu, na baadhi ya wanaume wakaenda hospitali kushonwa masikio yao. Desturi haikufa. Ilibaki hasa kwa wasichana, katika umbo dogo la tundu la hereni, na nyumbani ikafanywa kwa sindano ya kushonea na uzi. Hapo ndipo hatari ilipokua, kwa sababu, tofauti na mwiba, sindano ya nyumbani haikutupwa: sindano au wembe mmoja ulipita kwa dada, binamu na jirani.

UKIMWI ndio uliobadili mazoea hayo. Mgonjwa wa kwanza nchini alitambuliwa mwaka 1984, na mwaka 1999 serikali ikautangaza kuwa janga la kitaifa. Kampeni za afya zilikataza kuchangia nyembe na sindano. Onyo hilo lilifaa pia dhidi ya homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi.

Bastola ya kutogea, inayotumiwa sana madukani na saluni, ilionekana kuwa suluhisho kwa kuwa kila kipini ni kipya. Hata hivyo, bastola ya plastiki haistahimili joto la otoklevu, yaani mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 hivi, na kuipangusa kwa spiriti hakutoshi. Kipini chake butu hupasua gegedu badala ya kulikata.

Chumba kinachofaa cha kutoga huhitaji sindano ya kutumika mara moja inayofunguliwa mbele ya mteja, glavu mpya, otoklevu kwa koleo na vishikio, na sanduku gumu la sindano zilizotumika. Hereni ya kwanza iwe ya titani, maana nikeli huwasha ngozi. Ndewe hupona kwa wiki 6 hadi 8. Gegedu, lisilo na mishipa ya damu yake yenyewe, huchukua miezi kadhaa.