Kinjeketile (tamthilia): mabadiliko ya uhakiki

Tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa 1969, kuhusu Vita vya Maji Maji (1905–1907). Vita hivyo vilipiganwa kusini mwa Tanzania ya sasa. Wasomaji wengi wamevijua kupitia vitabu vya shule, tamthilia hii ikiwemo.

Wahakiki wa mwanzo waliisoma kama sifa ya umoja wa taifa, ingawa Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake, mganga anayewapa wapiganaji maji ya kuwakinga na risasi, ni wa kubuni. Baadaye wahakiki wa mrengo wa Umaksi waliuliza kama imani katika maji hayo iliwakomboa wakulima au iliwapumbaza. Ubora wa kazi uko hapo hasa: Kinjeketile, akiwa ametekwa, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, akihofia vizazi vijavyo kuambiwa kuwa kupigana lilikuwa kosa.

Tangu miaka ya 2000 wanahistoria, akiwemo James Giblin, wameonyesha kuwa kila eneo lilikuwa na sababu zake za kupigana, jambo linalotilia shaka usomaji ule wa umoja wa taifa. Usomaji wa kijinsia nao unastahili nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa njaa ya kijijini huanza kusikika vinywani mwa wanawake.