Nyoka wa Shangazi

Mwaka 2005, pale Masasi, nilisimama kwenye mlango wa kibanda cha gemu na hela yangu mkononi. Wavulana wakacheka: "We dada, umepotea?" Nikarudi zangu nyumbani.

Nilidhani mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo. Kumbe wapi! Pac-Man, iliyotoka Japani mwaka 1980, Toru Iwatani aliibuni akiwafikiria wanawake, maana kumbi za gemu zilijaa wanaume na michezo ya kupigana. Mwaka 1982 ikafuata Ms. Pac-Man, mwenye utepe kichwani. Halafu mwaka 1983 biashara ya gemu ikaporomoka Marekani. Nintendo ilipoirudisha, iliziuza gemu kama vitu vya kuchezea watoto, kwenye maduka yaliyotenga upande wa wavulana na upande wa wasichana. Matangazo yakawaelekea wavulana. Mwaka 1989 hata mashine ya mkononi ikaitwa Game Boy.

Kwa shangazi, Newala, matangazo hayo hayakufika. Ilifika simu. Baada ya msimu mmoja wa korosho alinunua Nokia 1100, yenye tochi na gemu ya nyoka. Usiku, vyombo vikishaoshwa, tulipokezana: yeye, mama na mimi. Nyoka wa shangazi alikuwa mrefu kuliko wetu wote.

Juzi nilimuuliza kama amewahi kucheza gemu.

"Gemu? Hizo si za vijana wa kiume? Mimi nilikuwa nachezea simu tu."