Nguo ya Kuazima

Agosti 1987, bendi ya Metallica ya California ilitoa santuri fupi iliyobeba bei yake kwenye jina: dola 5.98. Bei iliandikwa hapo makusudi, ili mwenye duka asipate mwanya wa kumpandishia kijana aliyekuja na vijisenti vyake mfukoni. Ndani mlikuwa na dakika 25 hivi za muziki, na hapakuwa na wimbo hata mmoja ambao bendi yenyewe iliutunga. Zote zilikuwa nyimbo za watu wengine.

Wanaosimulia historia ya Metallica huipita santuri hii haraka. Imebanwa kati ya albamu mbili kubwa, Master of Puppets ya 1986 na ...And Justice for All ya 1988, kama kibanda kati ya maghorofa mawili. Mimi naisoma kama kumbukumbu ya msiba, kwa sababu inatuonyesha kundi la vijana wakijaribu kuishi na mtu mpya aliyekaa mahali pa marehemu.

Marehemu alikuwa Cliff Burton, mpiga gitaa la besi. Alfajiri ya Septemba 27, 1986, basi la bendi likitoka Stockholm kwenda Copenhagen liliacha njia na kupinduka karibu na Ljungby, kusini mwa Sweden. Burton alirushwa nje kupitia dirishani, basi likamwangukia. Alikuwa na umri wa miaka 24. Katika bendi hakuwa mpigaji tu. Ndiye aliyejua nadharia ya muziki kuliko wenzake, na mengi kuhusu upatanishaji wa sauti waliyapata kwake.

Oktoba haikuisha kabla hawajampata mwingine. Jason Newsted alitoka Arizona, kwenye bendi ya Flotsam and Jetsam, na Novemba akawa jukwaani, kisha Japani. Kwetu msiba una hesabu zake: kuna siku za matanga, na kuna siku ya kuyaanua. Hawa hawakuanua chochote. Walirudi kazini, na uchungu wao ukamwangukia mgeni. Newsted na wenzake wamesimulia baadaye jinsi alivyotaniwa bila huruma, kwa miezi na kwa miaka. Kila usiku ilimpasa apige yale yaliyobuniwa na vidole vya Burton, mbele ya watu waliomjua Burton.

Mwaka 1987 James Hetfield, mwimbaji, akavunjika mkono akicheza na ubao wa magurudumu, na utunzi wa albamu mpya ukakwama. Mbele yao palikuwa na tamasha la Donington, Uingereza, Agosti 22. Walihitaji kitu cha kwenda nacho. Basi wakajifungia kwenye gereji ya Lars Ulrich, mpiga ngoma, wakaanza kupiga nyimbo walizozipenda. Kisha wakaingia studio Los Angeles na kurekodi kwa siku sita. Master of Puppets iliwachukua miezi.

Chaguo lao si la kubahatisha. Helpless ni ya Diamond Head, bendi ya Kiingereza ambayo Ulrich, akiwa kijana wa miaka 17, aliifuata kutoka California mwaka 1981 hadi akalala majumbani mwao. The Small Hours ni ya Holocaust wa Uskoti. The Wait ni ya Killing Joke wa London, Crash Course in Brain Surgery ni ya Budgie wa Wales, na mwisho zinaunganishwa mbili za Misfits wa New Jersey. Wengi wa mashabiki wa Metallica walikuwa hawajawahi kuwasikia hawa. Nyimbo ziliwarudia watunzi wake zikiwa na wasikilizaji wapya, na mrabaha juu yake.

Lakini faida iliyonivutia ni nyingine. Katika nyimbo hizi hapakuwa na besi ya Burton. Hakuna aliyeweza kumlinganisha Newsted na marehemu, kwa kuwa wote wanne walikuwa wageni kwenye nyumba ya mtu mwingine. Isikilize santuri hiyo: besi inasikika, nene na wazi, huhitaji kuitafuta. Kwenye jalada Newsted ameandikwa kwa jina la utani, Master J. Newkid, yaani yule mtoto mpya. Ni utani bado, ila sasa jina lake limo, na sauti yake imo.

Marehemu naye hakuachwa nje kabisa. Burton alikuwa mpenzi mkubwa wa Misfits. Alikuwa na chale ya fuvu lao mkononi. Kufungia na nyimbo zao ni kama kumwachia kiti.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii ilisitiri, kwa muda mfupi. Mwaka uliofuata bendi ilirudi kwenye nyimbo zake yenyewe, na kwenye ...And Justice for All besi ya Newsted karibu haisikiki. Sababu zimetolewa nyingi: masikio yaliyochoka kwa ziara, maamuzi ya kuchanganya sauti, gitaa la Hetfield kulijaza eneo lote. Zote zinaweza kuwa kweli. Hata hivyo, kwenye albamu hiyohiyo kuna To Live Is to Die, wimbo uliojengwa kwa vipande alivyoviacha Burton. Marehemu alipewa nafasi. Aliye hai alizimwa.

Sisemi kwamba santuri ya dola 5.98 iliwapatanisha. Utani haukukoma, na Januari 2001 Newsted aliondoka. Ninachosema ni kwamba kwa siku sita, kwa sababu nyimbo hazikuwa zao, walisahau kulinda kiti. Kiswahili huita kazi hii kurudia wimbo, neno lililo jirani na kurudi. Walirudi kwenye gereji, kabla ya Burton na kabla ya ajali, na huko walimkuta Newsted akipiga nao.