Titi lote au uvimbe tu? Ya kuuliza kabla ya kutia saini



Mwanamke akiambiwa ana saratani ya titi, hata machozi hayajakauka swali lingine humjia: nitakatwa, na nitakatwa kiasi gani? Huku kwetu, kuanzia Vanga hadi Kiunga, swali hilo haliachiwi mgonjwa. Mume ana lake, mama ana lake, shangazi ana lake, na kaka aliye Jeddah hupiga simu usiku kutoa amri. Makala haya ni kwa yule mwenye titi lake, na kwa wanaompenda ili wajue namna ya kumsaidia.

Nianze na jambo ambalo wengi hawaambiwi. Saratani ikigunduliwa mapema, mara nyingi kuna njia mbili za upasuaji, na zote mbili ni tiba kamili. Ya kwanza ni kuondoa titi lote. Ya pili ni kuondoa uvimbe pamoja na nyama kidogo iliyouzunguka, titi likabaki, kisha mgonjwa akapigwa mionzi.

Kukata kingi si kuishi kingi

Zamani hapakuwa na hiari. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieneza upasuaji wa kuondoa titi, misuli ya kifua na tezi za kwapani kwa pamoja. Wanawake wengi walibaki na kifua kilichobonyea na mkono uliovimba, na kwa miongo mingi madaktari waliamini kwamba ukikata zaidi unaokoa zaidi.

Daktari Bernard Fisher wa Pittsburgh aliipima imani hiyo. Kuanzia mwaka 1976 yeye na wenzake waliwafuatilia wanawake 1,851. Wengine walitolewa titi lote, wengine uvimbe peke yake, na wengine uvimbe wakaongezewa mionzi. Matokeo ya miaka 20 yalichapishwa mwaka 2002: makundi yote matatu yaliishi sawasawa. Umberto Veronesi wa Milan, Italia, naye alipata jibu kama hilo mwaka huohuo kwa wanawake 701 waliokuwa na uvimbe mdogo.

Tofauti ilikuwa kwenye ugonjwa kurudi katika titi lilelile. Katika utafiti wa Fisher, waliotolewa uvimbe bila mionzi ulirudi kwa asilimia 39. Waliopata mionzi ulirudi kwa asilimia 14. Kwa hivyo ukichagua kubaki na titi, mionzi imo ndani ya mapatano. Usikubali nusu ya kwanza ukaiacha ya pili.

Si kila mtu ana hiari hiyo

Kuna hali ambazo daktari atashauri titi lote litoke. Uvimbe ukiwa mkubwa na titi dogo, ukiwa umetokea sehemu mbalimbali za titi, au titi zima likiwa jekundu na limevimba kwa aina ile kali ya saratani. Aliyewahi kupigwa mionzi kifuani kwa kawaida hawezi kupigwa tena mahali palepale. Mwenye mimba naye hapigwi mionzi mpaka ajifungue.

Wengine huanzishiwa dawa za kemo kabla ya kisu ili uvimbe unywee, kisha ndipo upasuaji unapoamuliwa. Ukiambiwa hivyo, usidhani wanakuchelewesha. Hiyo ni sehemu ya tiba.

Ndiyo maana majibu ya kile kipande cha nyama kilichopelekwa maabara ni muhimu kabla ya lolote. Karatasi yake haisemi tu kwamba ni saratani. Inapaswa kueleza kama inalishwa na homoni, na kama ina alama iitwayo HER2. Mpango wa dawa hutegemea hayo. Omba nakala yako uihifadhi.

Umbali nao huhesabiwa

Mionzi hupigwa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 3 hadi 5. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Pwani alisafiri hadi Kenyatta, Nairobi. Sasa huduma hiyo ipo Mombasa pia, katika Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara. Lakini mama wa Faza au Garsen bado ana hesabu ya nauli, mahali pa kulala na watoto aliowaacha nyumbani. Akiamua titi lote litoke kwa sababu hawezi kukaa Mombasa mwezi mzima, si mjinga wala si mwoga. Ila aulize kwanza, kwani hata waliotolewa titi lote wapo wanaohitaji mionzi, hasa uvimbe ukizidi sentimita 5 au ugonjwa ukifika kwenye tezi nyingi za kwapani.

Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Kabla ya kulazwa, uliza ofisini mfuko wa saratani utalipia nini na utaishia wapi, ukihesabu upasuaji, kemo na mionzi kwa pamoja.

Maneno ya mtaani

Utasikia, "saratani ikiguswa na kisu hutapakaa." Maneno haya yameua. Chanzo chake chaeleweka: wengi wetu hufika hospitali ugonjwa umeshatoka kwenye titi zamani, wakapasuliwa, wakafariki, lawama akabeba daktari. Kisu hakikuupeleka. Uliwatangulia.

Kombe, ruqya na dua ni vyetu, na hakuna anayekuzuia. Lakini dini hiyohiyo imetuhimiza kutafuta tiba. Kunywa kombe lako, na siku ya miadi uwe kwenye foleni.

Nani aamue?

Binamu yangu wa Malindi alipopata majibu yake, ukoo uliitana kikao. Walizungumza saa mbili bila kumuuliza yeye anataka nini. Hospitali aliyokwenda, karani akamwambia arudi na saini ya mume, naye mume yuko melini. Nilimsindikiza tena nikiwa na daftari la maswali, tukaomba kumuona daktari mwenyewe. Saini iliyohitajika ilikuwa yake.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka idhini ya mgonjwa mwenyewe aliye mtu mzima na mwenye akili timamu. Pia inataka aelezwe kwa lugha anayoielewa. Sema bila haya, "Daktari, nieleze kwa Kiswahili." Ukitaka daktari au muuguzi wa kike akuhudumie, omba mapema.

Haya ndiyo yaliyokuwa kwenye daftari letu:

1. Ugonjwa uko hatua ya ngapi, na umefika kwapani?
2. Naweza kubaki na titi? Kama siwezi, ni kwa nini?
3. Nianze na kisu au na kemo?
4. Tezi za kwapani mtatoa ngapi, na mkono wangu utavimba?
5. Nitahitaji mionzi? Wapi, na siku ngapi?
6. Titi likitoka, naweza kutengenezewa jingine, sasa au baadaye?

Aliyetolewa titi na asiyetaka upasuaji mwingine anaweza kuvaa titi la bandia ndani ya sidiria. Mume, hapa ndipo kazi yako ilipo: si kuamua, ni kumwonyesha kwamba hajapungua chochote kwako.

Muda ulio nao

Waswahili tuna methali mbili, haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili zote ni za kweli. Kwa wengi, saratani ya titi haidai upasuliwe kesho. Una siku za kusoma majibu, kuuliza, hata kutafuta daktari wa pili. Lakini hesabu yako ni ya wiki, si ya miezi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la kitabibu la BMJ ulionyesha kwamba kila wiki 4 za kuchelewesha upasuaji wa saratani huongeza hatari ya kifo kwa asilimia 6 hadi 8. Kumsubiri kaka arudi Jeddah baada ya Hija kuna gharama, na atakayeilipa si kaka.

Kwa hivyo panga tarehe ya uamuzi, iandike, na uwaambie jamaa: mpaka siku hiyo nitasikiliza, baada ya hapo nitatia saini. Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.