Ramani za mawazo kwenye Linux: kwa nini mimi hutazama faili kwanza

Wanaoniuliza kuhusu programu za kuchora ramani ya mawazo kwenye Linux huanza na sura: ipi ina rangi nzuri, ipi ina vijipicha vingi. Mimi huwarudishia swali: ukishamaliza kuchora, faili lako litafunguliwa na nini miaka 15 ijayo?

Jina hili lilienezwa na Mwingereza Tony Buzan, hasa kupitia kipindi chake cha BBC cha mwaka 1974. Wazo kuu unaliweka katikati ya karatasi, mengine yanatoka kama matawi. Kalamu za rangi zilitosha.

Kwenye Linux, iliyovuma miaka ya 2000 ni FreeMind, iliyoanzishwa na Jörg Müller. Kero yake ilikuwa moja: Java. Hadi Novemba 2006, Sun ilipotangaza kuifanya Java iwe programu huria, wasambazaji wengi wa Linux hawakuitia kwenye CD zao. Hapa Kakamega, CD ya Ubuntu ungeweza kuletewa bure kwa posta kupitia ShipIt (huduma hiyo ilifungwa 2011), lakini Java ulipaswa kuipakua mwenyewe. Kebo ya SEACOM ilifika Mombasa Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, na saiba ilikuhesabia kila dakika. Hebu piga hesabu hiyo na stima ipotee katikati!

Kwa hiyo zile zisizohitaji Java zilikuwa na mvuto wake. VYM ya Uwe Drechsel ni nyepesi. Kdissert ya Thomas Nagy ilikuwa na lengo zuri zaidi: kuchukua ramani yako na kuigeuza mifupa ya tasnifu, kazi ambayo wanafunzi wa Masinde Muliro wanaijua vizuri.

Ramani niliyojaribia programu hizi ni ya dhahabu ya Kakamega. Katikati: dhahabu, 1931. Tawi la kwanza: migodi, na chini yake Rosterman. Tawi la pili: ardhi, na chini yake sheria ya 1930 iliyowaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ikichukuliwa watapewa nyingine badala yake. Mwishoni mwa 1932 sheria hiyo ikabadilishwa ili wachimbaji wapite bila sharti hilo. Sasa mabadiliko hayo ya 1932 yakae wapi, kwenye ardhi au kwenye migodi? Ramani ya mawazo ni mti. Kila nodi ina mzazi mmoja tu. Ukiiweka chini ya migodi, inasomeka kama habari ya uchimbaji, na watu waliokuwa wakilima pale wanatoweka. Mimi niliiweka chini ya ardhi, kisha nikavuta mshale hadi kwenye migodi. FreeMind iliruhusu mishale hiyo, na kwangu hilo lilizidi vijipicha vyote.

Na faili lake? Ni maandishi ya XML, yenye kiishio cha .mm. Lifungue kwa kihariri chochote, utasoma maneno yako mle ndani. Kiswahili hakina vitone juu ya herufi, kwa hiyo hata grep inayatafuta bila matata.

Miaka ikapita. Kdissert iligeuka Semantik. XMind ilifungua msimbo wake mwaka 2008, lakini matoleo yake mapya yakarudi kuwa ya msimbo uliofungwa. FreeMind yenyewe ilitoa toleo la 1.0.1 mwaka 2014, kisha ikapoa. Lakini Dimitry Polivaev, aliyekuwa mmoja wa waandishi wake, alikuwa ameshajitenga na kuanzisha Freeplane, ambayo toleo lake thabiti la kwanza lilitoka 2010 na ambayo bado inaendelezwa. Husoma mafaili ya .mm ya FreeMind. Ramani yangu ya dhahabu ilifunguka humo, na mshale wa 1932 ukiwa mahali pake.

Basi ukiwa na Linux leo, sakinisha Freeplane. Java siku hizi inakuja yenyewe kutoka kwenye hazina ya vifurushi. Jifunze vitufe vitatu: Insert kwa mtoto, Enter kwa ndugu, na F2 kwa kuhariri. Panya utaigusa tu ukitaka kuvuta mshale.