Mazoezi Kabla ya Masomo: Humsaidiaje Mtoto Kujizuia?

Mtoto asiyetulia kitini, anayemkatiza mwalimu na kumchokoza mwenziwe, huitwa mtundu, na zamani dawa yake ilikuwa kiboko. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaifanya adhabu ya viboko kuwa kosa. Basi wazazi na walimu wa Ukunda wamtulize mtoto kwa nini? Njia moja ni kumchezesha kabla hajaketi darasani.

Kujizuia ni nini

Ni uwezo wa kuliacha linalokuvuta ukafanya linalotakiwa: kungoja zamu, kunyamaza, kumaliza hesabu. Kazi hii hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hukomaa polepole hadi baada ya miaka 20. Mtoto wa darasa la tatu hajafika huko, hata akiwa na adabu.

Utafiti unasemaje

Mwaka 2009, Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto 20 wa umri wa miaka 9 hivi. Siku moja watoto walitembea kwa kasi dakika 20, siku nyingine walipumzika. Kisha walipewa jaribio la kufuata alama ya katikati bila kuvutwa na zilizo kando. Walipatia zaidi baada ya kutembea. Mwaka 2014 kundi hilo lilichapisha utafiti wa watoto 221: waliofanya mazoezi baada ya shule kwa miezi tisa waliimarika katika kujizuia kuliko wenzao.

Kwetu Ukunda

Kanuni za mwaka 2015 zinataka masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi. Dakika 15 au 20 kabla ya hapo, jua la pwani halijawa kali, zinatosha kuruka kamba, kucheza kati au kukimbizana. Havihitajiki vifaa vya gharama. Anayekuja kwa miguu kutoka mbali amekwisha anza mazoezi. Anayeletwa kwa bodaboda ndiye anayehitaji zaidi.

Mambo ya kuzingatia:

- Maji yawepo, na mtoto asiyekunywa chai asikimbizwe sana.
- Mwezi wa Ramadhani, kunyoosha viungo kivulini kunatosha.
- Mwenye pumu mwalimu amjue mapema.
- Kukimbia kusiwe adhabu. Mtoto anayezungushwa uwanja kwa kuchelewa hujifunza kuchukia mazoezi.

Mipaka yake

Faida ya zoezi moja haidumu siku nzima, na mazoezi hayazibi pengo la njaa, usingizi haba wala darasa lililofurika. Lakini kabla ya kumwita mtoto mkorofi, ni haki kwanza kuuliza: leo amecheza?